Mto Usio na Lango



Sisi tuliojaaliwa kuweka makazi katika jiji la Phoenix na viunga vyake hufungua bomba kila alfajiri, tukatawadha, tukateleka chai, tukafua nguo za watoto, wala si wengi miongoni mwetu wanaojiuliza maji hayo yametoka wapi. Sehemu kubwa hutoka katika mto uitwao Salt River, yaani Mto wa Chumvi, na mwenzake uitwao Verde. Mengine huletwa kwa mfereji mrefu kutoka Mto Colorado. Hata hivyo, mtu akisimama juu ya madaraja ya Phoenix akatazama chini kuutafuta huo Salt River, mara nyingi ataona mchanga, kokoto na vichaka. Mto uliolijenga jiji hauonekani jijini.

Mto huo haukukauka kwa kudra ya jua peke yake. Umefungwa kwa kuta na kugawanywa kwa mifereji. Lakini mashariki, mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwa gari kupitia mji wa Globe, mto huohuo bado unakwenda huru ndani ya korongo refu lenye kuta za majabali. Kila mwaka theluji inapoyeyuka milimani, watu huingia humo kwa mashua za mpira na kayaki, wakashuka na maji ya mbio. Vijana wetu nao wamekuwa wakialikwa na wenzao wa shuleni na makazini, na wazazi wanauliza: mchezo huo ni salama? Turuhusu au tukataze?

Swali ni la haki, nasi tumekusudia kulijibu. Ila halijibiki kwa neno moja, kwa sababu mto huu si kitu kimoja. Mto wa Machi si mto wa Juni, na mto wa mwaka huu si mto wa mwaka jana. Basi tuanze kwa kuujua wenyewe.

MTO ULIOFUNGWA NA MTO ULIO HURU

Salt River huzaliwa katika milima iitwayo White Mountains, mashariki ya Arizona, pale inapokutana mito miwili ambayo Wamarekani wameipa majina ya rangi, White River na Black River, mmoja mweupe na mwingine mweusi. Kutoka hapo huelekea magharibi kiasi cha kilomita 320, hadi unapoungana na Mto Gila upande wa magharibi wa Phoenix.

Watu walianza kuyatumia maji yake zamani sana. Wahohokam, waliokaa katika bonde hili karne nyingi kabla ya Wazungu kufika, walichimba kwa zana za mikono mamia ya kilomita za mifereji ya kumwagilia mashamba, na baadhi ya mifereji ya leo imefuata njia zao. Hata jina la Phoenix, ndege wa ngano za Wayunani anayefufuka kutoka majivuni, lilichaguliwa kwa kuwa mji mpya ulikuwa ukiinuka juu ya magofu ya watu hao.

Kisha zikaja kuta kubwa. Ya kwanza ilizinduliwa tarehe 18 Machi 1911, na aliyeizindua ni Theodore Roosevelt mwenyewe, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuondoka katika urais. Ukuta ukapewa jina lake, na ziwa lililojaa nyuma yake pia. Barabara ya kupitishia vifaa vya ujenzi ilichongwa milimani kwa jasho la vibarua, wengi wao wakiwa Waapache. Chini ya ukuta huo zikafuata nyingine tatu: Mormon Flat mwaka 1925, Horse Mesa mwaka 1927 na Stewart Mountain mwaka 1930. Mwisho wa safari yapo malango ya Granite Reef, ambayo tangu mwaka 1908 huyageuza maji na kuyaingiza katika mifereji ya bonde. Ndiyo maana mto haufiki mjini isipokuwa pale maji yanapozidi uwezo wa mabwawa.

Hatuandiki haya ili kuzilaumu kuta hizo. Bila ya kuta, bonde hili lisingeweza kuwalea watu wengi kiasi hiki, sisi tukiwamo. Tunachotaka kusema ni kwamba juu ya Ziwa Roosevelt hakuna ukuta wala lango. Huko hakuna mhandisi anayefungua maji asubuhi na kuyafunga jioni. Anayetaka kuushuka mto huo hana wa kumwomba amwachie maji, naye yakizidi hana wa kumwomba ayapunguze.

MAJIRA YAKE

Chakula cha mto huu ni theluji. Kuanzia Desemba hadi Februari theluji huanguka juu ya milima na kulala huko kama akiba. Jua linapoanza kuchoma mwezi wa Machi, akiba hutoka kidogo kidogo, na mto ukapanda. Kwa kawaida maji mazuri ya kushukia hupatikana kuanzia Machi hadi katikati ya Mei. Baada ya hapo mto hupungua siku hata siku.

Wamarekani hupima maji ya mto kwa futi za ujazo zinazopita katika sekunde moja. Futi 1,000 za ujazo kwa sekunde maana yake ni kwamba tani 28 za maji hupita mbele ya macho yako kila unapohesabu moja. Mwezi wa Juni Salt River huweza kushuka hadi futi 200 au chini yake, na mtu mzima akauvuka kwa miguu bila ya taabu kubwa. Lakini mwezi wa Januari 1993, mvua kubwa zilipoiangukia Arizona, mto huu ulipitisha zaidi ya futi 100,000 kwa sekunde kabla ya kuingia Ziwa Roosevelt. Mto mmoja, korongo moja, na tofauti ni ya mara mia tano.

Wenzetu waliopata kuishi Oman watalielewa jambo hili upesi, kwani wanajua wadi ni nini: leo ni njia ya kupitisha gari, kesho ni maji yanayobeba gari. Tofauti iliyopo ni kwamba wadi huja kwa mvua ya saa moja, na mto huu katika majira yake huja kwa theluji ya miezi mitatu. Hata hivyo, Arizona nayo ina mvua zake za ghafla, za Julai hadi Septemba, zinazopiga alasiri kwa radi na ngurumo. Mvua hizo hujaza vijito vya pembeni kwa dakika chache. Hayo si majira ya mashua, wala si majira ya kupiga hema katika mikono ya korongo.

Na ipo miaka ambayo theluji haishuki. Hapo msimu huwa mfupi mno, au hauwi kabisa, na waliokwisha kupanga safari hubaki na mipango yao. Moto nao una sehemu yake. Mwaka 2002, mwaka wa ukame mkali, moto ulioitwa Rodeo-Chediski uliteketeza zaidi ya ekari 468,000 za misitu upande wa kaskazini wa mto. Mwaka 2011 moto wa Wallow ukala zaidi ya ekari 538,000, ukipita katika chimbuko la Black River. Ardhi iliyoungua hainywi maji kama ardhi yenye miti. Mvua ikinyesha juu yake, maji huteremka yote kwa pamoja, yamechanganyika na majivu, matope na magogo, na baada ya gharika njia ambayo nahodha aliizoea mwaka uliopita huenda isiwepo tena.

WENYE MTO

Anayeteremka kwa gari katika barabara kuu namba 60 baina ya Globe na Show Low hufika mahali ambapo nchi inapasuka ghafla. Barabara hujikunja na kujikunja ikishuka kiasi cha mita 600 hadi darajani, chini kabisa ya korongo. Hapo ndipo safari nyingi za mashua huanzia.

Si nchi isiyo na wenyewe. Ukingo wa kaskazini ni ardhi ya Waapache wa White Mountain, na wa kusini ni ya Waapache wa San Carlos. Hawa ni mataifa yenye serikali zao, na anayeingia katika ardhi yao kwa matembezi, kuvua au kushuka na mto hulazimika kulipia kibali chao. Makampuni yanayowachukua watu kwa mashua hufanya kazi kwa idhini hiyo. Wapo wageni wanaokasirishwa na jambo hili, wakidhani mto ni mali ya kila mpita njia. Sisi tuliokuwa wageni katika nchi nyingi hatuna budi kulielewa vyema: mgeni hupiga hodi.

Chumvi inayoupa mto jina lake hutoka katika chemchemi za humohumo korongoni. Chini kidogo ya daraja pana mahali maji ya chumvi yanapochuruzika juu ya jabali na kuliacha na rangi za ajabu. Waapache wanapaheshimu kama mahali patakatifu, na wasafiri hawaruhusiwi kuteremka hapo. Mashua hupita, watu hutazama kwa mbali. Sisi ambao hatupendi mtu aingie msikitini na viatu tunalifahamu hilo bila ya kuhubiriwa.

Mbele zaidi mto huingia katika Msitu wa Taifa wa Tonto, katika eneo ambalo tangu mwaka 1984 limehifadhiwa kwa sheria libaki kama lilivyo. Ukubwa wake ni ekari 32,100, halina barabara, wala hakuna njia za miguu zinazotunzwa humo. Njia ni mto wenyewe. Kutoka daraja la barabara namba 60 hadi daraja la barabara namba 288, karibu na Ziwa Roosevelt, ni kiasi cha kilomita 84, mwendo wa siku tatu hadi tano. Baina ya tarehe 1 Machi na 15 Mei vibali vya kupita humo hutolewa kwa kura. Kila kinachoingia hutoka: mabaki ya chakula, majivu ya moto, na hata haja kubwa hubebwa katika makopo yenye mifuniko hadi mwisho wa safari. Msomaji asicheke. Mahali ambapo watu mia hulala juu ya mchanga uleule na kunywa maji yaleyale, huo ndio usafi wenyewe.

VYOMBO NA WATU WAKE

Vyombo vinavyotumika ni vya namna mbili. Cha kwanza ni mashua ya mpira, chelezo kilichojazwa upepo na kugawanywa vyumba vingi, ili kimoja kikitoboka vingine viendelee kuelea. Watu sita au wanane huketi pembeni, kila mmoja na kafi lake, na nahodha hukaa nyuma akitoa amri: mbele, nyuma, simameni. Mashua haina injini. Nguvu ni ya mto, na kazi ya makafi ni kuchagua njia, si kushindana na maji.

Cha pili ni kayaki, chombo cha mtu mmoja kilichofunikwa juu. Asili yake ni watu wa nchi za barafu za kaskazini, kama Greenland, waliokiunda kwa mifupa, miti na ngozi za wanyama wa baharini. Mwenye kayaki hujifunga kiunoni kitambaa kisichopitisha maji kinachoziba mdomo wa chombo. Akipinduliwa, hujigeuza kwa kafi lake akainuka tena bila ya kutoka ndani. Ufundi huo haupatikani kwa siku moja, wala kayaki si chombo cha kuanzia katika mto kama huu.

Maporomoko ya mto, tunayokusudia hapa, si maji yanayoanguka wima kama kutoka darini. Ni miteremko ya mawe ambamo maji hukimbia, hugongana na kuumuka mapovu meupe. Hupangwa kwa daraja kuanzia 1, maji yanayotembea tu, hadi 6, yanayohesabiwa kuwa hayapitiki. Ya Salt River ya juu mengi ni ya daraja la 3, na mengine ya 4. Walioyapa majina hawakukosa mzaha. Moja linaitwa Maytag, jina la mashine ya kufulia nguo, na mtu haitaji maelezo. Jingine ni Rat Trap, mtego wa panya, na jingine ni Eye of the Needle, tundu la sindano.

KUYASOMA MAJI

Nahodha mzuri huyasoma maji kama msomi asomavyo ukurasa. Pale maji yanapojikusanya kuwa ulimi laini uliochongoka kuelekea chini, hiyo ndiyo njia. Pale ncha inapoelekea juu, dhidi ya mkondo, hapo pana jiwe lililojificha. Nyuma ya jiwe kubwa maji hugeuka na kutulia, na mashua huweza kupumzika hapo kama abiria kibarazani. Lakini pale maji yanapomwagika juu ya jiwe na kuingia shimoni, hujirudia na kujizungusha papo hapo, na kinachoingia humo huweza kushikwa na kupigwapigwa chini.

Sisi watu wa pwani tuna hatari ya peke yetu katika jambo hili, nayo ni kudhani kuwa anayeijua bahari anaujua mto. Baharini wimbi huja likakupita, na maji yenyewe hubaki karibu palepale. Mtoni wimbi husimama palepale, na maji ndiyo yanayokwenda. Baharini unaweza kungoja maji yapwe. Mto haungoji mtu. Na maji yaendayo kasi maradufu hayasukumi kwa nguvu maradufu, bali mara nne. Maji yanayofika magotini tu, yakiwa na mbio, humwangusha mtu mwenye nguvu. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Tungeongeza kwamba usiyoyasoma hujui nguvu zake.

Lipo pia suala la baridi. Jua la Aprili katika korongo huweza kuwa kali hata mtu akavua koti, na huku maji yaliyo chini yake yalikuwa theluji si siku nyingi zilizopita. Anayetumbukia hushikwa na kweu, akavuta pumzi bila ya kutaka. Ikiwa kichwa kiko chini ya maji wakati huo, huvuta maji. Akinusurika dakika hiyo ya kwanza, baada ya dakika chache vidole hupoteza nguvu ya kushika kamba. Ndiyo maana jaketi la kuelea halivuliwi hata kwa muogeleaji hodari. Haliko pale kwa ajili ya asiyejua kuogelea. Liko kwa ajili ya yule ambaye mikono yake imekataa kumtii.

MWAMBA ULIOLIPULIWA

Ndani ya eneo lililohifadhiwa palikuwa na poromoko moja lililoogopwa kuliko yote, likiitwa Quartzite Falls. Mto mzima ulijibana katika mlango wa mwamba mgumu, ukamwagika na kujizungusha chini yake kwa namna ambayo, maji yakiwa katika kiwango fulani, kilichoingia hakikutoka kwa urahisi. Wenye busara walitua kando, wakazishusha mashua kwa kamba au wakazibeba juu ya mawe. Kazi hiyo ilichukua saa nyingi, na katika siku za msimu watu walipanga foleni wakingoja zamu. Mwaka 1993 watu wawili walipoteza maisha hapo.

Baadaye mwaka huohuo kikundi cha wanaume wanane kiliingia korongoni na baruti, kikaulipua mwamba. Poromoko lililokuwa la kutisha likawa la kupitika. Serikali iliwashitaki, nao wakatiwa hatiani. Kiongozi wao alikimbilia Australia, akakamatwa huko, akarejeshwa Marekani na kufungwa. Alijitetea kwamba nia yake ilikuwa kuokoa maisha. Wengine walisema nia ilikuwa kuondoa foleni.

Kisa hiki kinafaa kuzungumzwa majumbani mwetu, kwani kina pande mbili. Hakuna asiyehuzunikia roho zilizopotea. Lakini mwamba ule haukumfuata mtu nyumbani kwake. Ulikuwapo, ukijulikana, na njia ya kuupita kwa usalama ilikuwapo, ikigharimu saa chache na jasho. Waliochoka kungoja wakaamua kwamba mto ndio ulio na kosa. Tena, aliyezoea mto uliolainishwa kwa ajili yake huwa mzembe katika ule usiolainishwa.

Wenzetu wa Uganda wameliona jambo la namna hii kwa sura kubwa zaidi. Pale Jinja, ambapo Mto Nile ulitoka ziwani kwa kishindo, biashara ya kuwashusha wageni kwa mashua za mpira ilianza mwaka 1996, ikawapa vijana wengi riziki na ufundi. Bwawa la Bujagali lilipokamilika mwaka 2012, maporomoko ya Bujagali na mengine ya karibu yalizama chini ya maji yaliyotulia. Nchi ilihitaji umeme, na hakuna anayebisha. Mashua zikahamia chini zaidi, na bwawa la Isimba likafuata mwaka 2019. Mto uliofungwa hutoa faida zinazohesabika kwa kilowati. Ulio huru hutoa faida ambazo huonekana zaidi zikiisha kuondoka. Inafaa watoto wetu wauone angalau mmoja kabla hawajapewa kalamu ya kuamua.

NASAHA KWA WAZAZI

Sasa tulirudie swali. Rai yetu ni hii: turuhusu, kwa masharti, na masharti yasipotimia, tukatae bila ya kuona haya.

Kwanza, mtoto ajue kuogelea. Hili si la mtoni tu. Tunaishi katika jiji la mabwawa ya kuogelea, na mtoto asiyejua maji yuko hatarini hata katika ua wa jirani. Wafundishwe wa kiume na wa kike.

Pili, aende na kampuni yenye kibali cha Waapache na manahodha waliofunzwa uokoaji na huduma ya kwanza. Kuuliza si ujinga. Kundi la marafiki walioazima mashua si kampuni.

Tatu, ulizia wingi wa maji. Idara ya Jiolojia ya Marekani ina kipimo mtoni karibu na daraja la barabara namba 60, kiitwacho kipimo cha Chrysotile, na hesabu yake hutangazwa kila siku. Makampuni huweka umri wa chini wa kuchukua watoto, na maji yakipanda umri huo hupandishwa. Kampuni ikisema leo hapana, basi shukuruni, na wala msiende kutafuta nyingine itakayosema ndiyo.

Nne, mavazi. Nguo za pamba zikilowa huwa nzito na kuongeza baridi. Makampuni hukodisha nguo ya mpira inayohifadhi joto, na hakuna kinachozuia kuvaa suruali pana na shati refu la kitambaa chepesi cha kukauka upesi juu yake. Binti zetu wanaweza kusitirika vizuri kabisa. Mtandio ubane kichwa, upite vizuri chini ya kofia ngumu, usiwe na pini wala ncha zinazoning'inia, kwani kinachoning'inia hunasa. Buibui na kanzu zibaki garini.

Tano, sala na chakula. Katika miaka ya 2023, 2024 na 2025 Ramadhani iliangukia katika msimu huuhuu wa mto. Kupiga kafi kutwa kwenye jua na baridi kwa aliyefunga si jambo la kulichukulia wepesi, na msimu una wiki za kutosha nje ya funga. Mashua hutua mchana kwa chakula, na nahodha akiambiwa mapema atatoa nafasi ya Adhuhuri. Maji ya udhu yapo tele. Kuhusu kupunguza sala safarini, tumuulize imamu wetu. Kwa chakula, ombeni samaki au mboga, ama mchukue chenu.

Sita, kila anayekwenda ayajue mambo haya kabla hajafika darajani. Akianguka mtoni, alale chali, miguu mbele, vidole vya miguu vikionekana juu ya maji, ili miguu ipokee mawe badala ya kichwa. Asijaribu kusimama katika maji yanayokwenda mbio, hata yakiwa mafupi, kwani mguu ukinasa baina ya mawe mkondo humlaza mtu kifudifudi na kumshikilia hapo. Akitupiwa kamba, aishike mikononi wala asijizungushie mkononi. Mti ulioanguka mtoni aukimbie kuliko jiwe, kwa sababu maji hupita katikati ya matawi na mtu hapiti. Na amri ya nahodha haijadiliwi mpaka mashua itue.

Mzazi anayesoma haya na akaona moyo wake bado mzito, yapo matembezi mengine. Ashuke na gari mpaka darajani mwezi wa Aprili pamoja na watoto, wasimame ukingoni, wasikilize. Mtoto atayaona maji ya bomba la nyumbani kwao yakiwa bado na sauti yake, rangi ya udongo na mapovu, yakiwa bado na wiki nyingi za safari mbele yao: ziwa, ukuta, ziwa, ukuta, mfereji, bomba. Maswali atakayouliza njia nzima ya kurudi Globe yanastahili mafuta ya gari.

Atakayekwenda msimu huu na aende salama na arudi salama, Inshallah, na wenye nasaha zaidi juu ya jambo hili tutazipokea kwa furaha baada ya sala ya Ijumaa.

Wabillahi tawfiq.